Maji, Umeme na Vumbi la Mawe

Ndugu mafundi, wakimbizi wenzangu,

Mashine ya kukatia mawe hutumia maji ili kupoza diski na kuzuia vumbi. Vumbi la mawe likijaa mapafuni huleta ugonjwa usiopona. Kwa hiyo maji yakikatika, zima mashine.

Lakini maji yakikutana na umeme, huua. Mashine isiyotengenezwa kwa maji usiimwagie maji. Kagua waya kabla ya kuwasha. Ukiwa umechubuka, usiutumie. Plagi ikae juu, pakavu. Usiishike kwa mikono iliyolowa. Mwenzako akinaswa, usimguse: zima jenereta kwanza.

Tope lisafisheni likiwa bichi. Likikauka ni vumbi tena.

Tulikimbia vita tupate kuishi. Tusife kwa haraka ya kazi.