Simu Inayochungulia Jicho la Nakuru

Mwaka 2007 na 2008, watu 4,414 wa miaka 50 na zaidi walipimwa macho katika eneo la Nakuru, Kenya. Daktari wa macho Andrew Bastawrous alipokwenda kuwafuatilia mwaka 2013, alikuwa na kikosi cha watu 15 na mitambo ya takriban pauni 100,000. Vijiji vingine havikuwa na umeme wala barabara nzuri. Mtandao wa simu, ajabu, ulikuwepo.

Kwa hiyo akataka simu ifanye kazi ya mitambo hiyo, na hapo ndipo fizikia ilipoingia. Mario Giardini wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, Scotland, alibuni kifaa kidogo cha kubandika kwenye kamera ya simu. Ugumu ni kwamba ili uione retina, iliyo nyuma ya jicho, mwanga lazima uingie na kutoka kupitia tundu lilelile dogo la mboni. Kifaa hicho huusogeza mwanga wa simu karibu na lenzi ya kamera.

Programu ya simu ya Bastawrous na wenzake ya kupima uwezo wa kuona ni rahisi zaidi. Mgonjwa hukaa mita 2 kutoka kwenye simu na kuonyesha kwa mkono upande ilikoelekea herufi E, naye mpimaji hutelezesha kidole upande huohuo. Asiyejua kusoma hapati tabu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kipimo kikichukua sekunde 77, dhidi ya 82 za chati ya Snellen, ile ya herufi inayotumika kliniki. Tofauti ni ndogo. Faida kubwa ni kwamba chombo kinaingia mfukoni.

Ila simu haiondoi mtoto wa jicho. Kaunti zinazoisifu teknolojia hii ziwaajiri pia wapasuaji wa macho.