Mgonjwa wa Kiharusi Akichanganyikiwa Tena: Tuulize Chumvi ya Damu
(Hotuba ya walimu, Siku ya Wakimbizi Duniani, makazi ya Lobule, Koboko)



Kila tarehe 20 Juni tunawakumbuka waliobaki njiani tulipovuka kutoka Kongo. Sisi walimu tumepewa nafasi ya kusema juu ya wale ambao bado tunao. Jambo letu ni kupungua kwa chumvi katika damu ya mtu aliyepata kiharusi au aliyeumia kichwa.

Jambo hili linatuhusu. Wazee wetu wana shinikizo la damu, nalo huleta kiharusi. Vijana wetu wanatafuta riziki kwa pikipiki katika barabara ya Arua, Koboko hadi Oraba, na anayeanguka bila kofia huumia ubongo.

Mara nyingine mambo huwa hivi. Mgonjwa ametoka katika hatari ya kwanza, anatambua watoto wake, anaomba uji. Siku chache baadaye kichwa kinamuuma, anatapika, analala mno, anasema maneno yasiyoeleweka, pengine anashikwa na degedege. Hapo huyu husema amelogwa, yule husema ni malaria, mwingine kwamba kiharusi kimerudi. Huenda ni malaria kweli, au kiharusi cha pili. Lakini huenda ni chumvi, nayo hutibika ikijulikana mapema.

Chumvi hiyo huitwa sodiamu. Kipimo chake cha kawaida katika damu ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Ikishuka chini ya 125, hatari ni kubwa. Ubongo ulioumia huweza kuishusha kwa njia mbili. Ya kwanza, homoni inayozuia figo kutoa maji huzidi. Ni kama sufuria ya sombe iliyokolea chumvi, kisha mtu akaongeza maji: chumvi ni ile ile, lakini mboga imechujuka. Ya pili, figo humwaga chumvi pamoja na maji katika mkojo, kama sufuria iliyotoboka. Kwa njia zote mbili ubongo huvimba. Mguu ukivimba una nafasi, lakini ubongo umefungwa ndani ya fuvu.

Sasa tusikilizane vizuri. Matibabu ya njia hizi mbili hupingana: wa kwanza hupunguziwa maji, wa pili huongezewa maji yenye chumvi. Tena sodiamu ikipandishwa haraka mno, ubongo huweza kudhurika daima. Kazi hii si ya jikoni.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne.

Kwanza, tusimnyweshe mgonjwa maji ya chumvi nyumbani. Asiye na fahamu hupaliwa, maji yakaingia mapafuni. Na wenye shinikizo waendelee kula chumvi kidogo kama walivyoagizwa.

Pili, tusimlazimishe kunywa maji mengi. Kiasi aulizwe mganga.

Tatu, tuende na dawa zake zote. Baadhi ya dawa za shinikizo zinazoongeza mkojo hushusha sodiamu. Lakini tusizikatize wenyewe.

Nne, akibadilika, tumpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Tuseme siku alipopata kiharusi au alipoanguka, na tuulize: "Sodiamu yake imepimwa?" Kipimo hicho huhitaji mashine ya maabara. Tukipewa rufaa kwenda Hospitali ya Koboko au Hospitali ya Rufaa ya Arua, tusibishane juu ya nauli mpaka kukuche.

Ndugu Mwenyekiti, kwa kamati tuna ombi moja. Mgonjwa wa namna hii asipelekwe peke yake. Aende na mtu wa nyumbani, na kama huyo hajui Kiingereza wala Kilugbara, aongezwe mkalimani. Muuguzi wa zamu hakumwona mgonjwa jana. Ni sisi tunaoweza kusema, "Jana alikuwa anatutambua, leo hatutambui." Neno hilo moja huweza kumwonyesha daktari pa kuanzia.

Tulivuka mpaka tukibebana. Tuendelee kubebana hivyo hivyo mpaka mlangoni mwa hospitali.