Hesabu ya Mto na Haki ya Walio Chini

Tunakutana hapa Ndundu, karibu na Daraja la Mkapa. Maji yapitayo chini yake, kutoka Ruaha na Kilombero, yamebeba tope. Na ndani ya tope mna fosforasi, rutuba ileile iliyomo katika mbolea.

Rutuba hiyo ikizidi katika maji yaliyotulia huleta madhara: mwani hustawi, huoza, na kumaliza hewa ya samaki. Ziwa Viktoria limeyaona hayo. Mwaka 2014, mwani wenye sumu wa Ziwa Erie uliwazuia watu zaidi ya 400,000 wa Toledo, Marekani, kunywa maji ya bomba. Wataalamu walitumia modeli za kompyuta, yaani hesabu zinazofuata mvua, udongo na mbolea toka shambani hadi ziwani. Na mwaka 2016 Marekani na Kanada zikakubaliana kupunguza fosforasi kwa asilimia 40.

Kwetu hesabu ina pande mbili. Kilimo cha mlau hutegemea tope la mafuriko. Na Bwawa la Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, hunasa tope. Kinachohesabiwa uchafu bwawani ni chakula huku delta.

Kompyuta hujibu lile tu ililoulizwa. Basi tudai vipimo vya maji na tope vichukuliwe huku chini pia, na wakulima na wavuvi wa Rufiji na Kibiti wasikilizwe kabla ya uamuzi. Asiyeingizwa katika hesabu husahauliwa katika mgawo.