Michezo ya Kuigiza katika Vijiji vya Mwanza

Atajapo mtu mchezo wa kuigiza, wengi hufikiri habari za jumba kubwa lenye viti na pazia na taa. Michezo ninayotaka kuwaelezeni leo haina jumba. Huchezwa uwanjani mwa shule, au penye gulio, au chini ya mti, na watazamaji huketi mchangani. Lakini mambo yanenwayo humo ni mazito, na mengine ni yale ambayo barazani hayasemwi kamwe.

Wasukuma hawana haja ya kufundishwa namna ya kukusanyika. Tangu karne ya 19 wanazo jamii mbili za ngoma, Bagika na Bagalu, ambazo hushindana baada ya mavuno, kila upande ukicheza mahali pake, na mshindi ni yule aliyewavuta watu wengi zaidi. Basi mchezaji asiyependeza hana haja ya kungoja hukumu ya mwamuzi, maana huiona migongo ya watu.

Mwaka 1982 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama na Amandina Lihamba, waliianza kazi yao katika Malya, kijiji cha wilaya ya Kwimba kilicho kusini-mashariki ya mji wa Mwanza, penye njia ya reli. Kazi hiyo iliendelea hata mwaka 1983. Hawakuchukua mchezo uliokwisha kuandikwa mjini. Walikaa na wenyeji, wakawauliza ni neno gani linalowasumbua. Katika majibu yao yalikuwamo mawili: vijana kukosa kazi, na wasichana wa shule kupata mimba. Ndipo vijana wenyewe wakayatunga hayo kwa ngoma na nyimbo na maigizo ya kwao, wakayaonyesha mbele ya wanakijiji, na baada ya maonyesho watu wakazungumza.

Fikirini uzito wa jambo hilo. Siku zile msichana wa shule akionekana ana mimba alifukuzwa shuleni, na mwanamume aliyempa mimba pengine alikuwa mtu wa kijiji kile kile. Baba haoni njia ya kumwuliza binti yake habari kama hizo, wala binti hathubutu kumjibu. Haya yawazuia wote wawili. Bali mchezaji aweza kusema, kwa kuwa asemaye si yeye, ni mtu wa mchezoni tu. Mwenye kosa aweza kucheka pamoja na wenzake, lakini amesikia. Kwa maoni yangu nguvu ya kazi ile ilikuwa hapo, wala si katika elimu ya wageni waliotoka chuoni.

Sheria ya shule haikubadilika kwa ajili ya ngoma ya Malya. Ilipita karibu miaka 40, na ni mwezi wa Novemba 2021 Serikali ya Tanzania ilipotangaza kwamba msichana aliyeacha masomo kwa ajili ya kuzaa ataruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida.

Wala mtu asidhani kwamba kuigiza ni dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 1999 ulianza mpango ulioitwa MEMA kwa Vijana, katika shule 62 za msingi za vijijini mkoani Mwanza, kwa kusudi la kuwakinga vijana na ukimwi. Wanafunzi waliochaguliwa waliigiza visa vifupi mbele ya wenzao darasani, ili kuyafungua mazungumzo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha kwamba maarifa ya vijana yalizidi, lakini haikuweza kuthibitishwa kwamba ukimwi ulipungua kati yao. Naona sababu moja haiko mbali. Msichana aweza kuyajua yote aliyofundishwa, na bado akawa hana fedha za sabuni wala za daftari, na mwenye fedha ni mwanamume mzima. Katika Malya mtu kama huyo aliweza kuwa miongoni mwa watazamaji. Darasani hakuwamo.

Mlama na Lihamba na wenzao walilishika tena jambo hili mwaka 1996, walipoanzisha mpango wa Tuseme katika shule za sekondari. Huko wasichana hawapewi maneno ya kukariri. Huzichunguza shida zao wenyewe, huzitungia mchezo, kisha huucheza mbele ya shule yao na kuuzungumzia. Miongoni mwa watazamaji huwamo walimu. Na miongoni mwa shida ambazo wasichana wamezionyesha wamo walimu wanaowataka kimapenzi.