Furaha ya Sindano na Uzi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya Usharika na wageni wa Dayosisi katika maadhimisho ya miaka mia moja)



Historia ya usharika huandikwa kwa majina ya wachungaji, miaka ya majengo na hesabu ya waliobatizwa. Ni mara chache kuandikwa ni nani aliyewashonea watu hao nguo. Lakini likifunguliwa sanduku la bibi aliyelelewa kanisani, humo hukutwa gauni jeupe la kipaimara, kitambaa cha meza kilichotariziwa maua pembeni, na sare ya kwaya iliyopauka mabegani.

Cherehani ni mgeni wa siku nyingi. Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake huko Marekani mwaka 1851, na tangu mwaka 1856 kampuni yake ilianza kuziuza kwa malipo ya kidogo kidogo, hata mtu asiye na fedha nyingi akaweza kushona huku akiendelea kulipa. Hapa nchini akina mama wengi waliipata kwa njia yao wenyewe, nayo ni upatu: kila mmoja akachanga, na zamu yake ilipofika akarudi nyumbani na cherehani.

Anayejifunza hapewi kitambaa siku ya kwanza. Hupewa karatasi iliyochorwa mistari, na cherehani isiyo na uzi, ili miguu izoee mwendo wa kukanyaga na macho yajifunze kufuata mstari. Baadaye huja pindo, kisha vifungo, zipu na kola. Kukata huja mwisho, na wako mafundi ambao hawamfikishi mwanafunzi hapo kamwe. Hugeuka upande, hupima, huchora kwa chaki, na mkasi ukishamaliza kazi yake ndipo humwita mwanafunzi aje kuunganisha vipande.

Si haki kuwalaumu kwa haraka. Kukata ndiko kunakolisha watoto wao, na mwanafunzi wa leo huweza kuwa jirani anayechukua wateja kesho. Tena mshono uliokosewa hufumuliwa, bali kitambaa kilichokatwa vibaya hakiungiki kikawa kama kilivyokuwa. Kitenge cha yadi sita kikiharibiwa begani hakirudi dukani. Basi anayemfundisha mwenzake kukata amekubali kwanza kupoteza kitambaa.

Hapo ndipo kikundi kinapofaa kuliko fundi mmoja. Akina mama wakinunua jora kwa pamoja, hasara ya kosa moja huwa nyepesi kwa kila mmoja. Binti akiweka kitambaa kinyume, maua ya mkono mmoja yakatazama juu na ya mwingine yakatazama chini, chumba kizima hucheka, naye mwenyewe hucheka baada ya kulia kidogo. Kisha hukaa pamoja kutafuta dawa: gauni libaki bila mikono, au mkono ule ugeuzwe mfuko? Mitindo mingine inayosifiwa barazani ilianza hivyo. Na furaha ya siku ile gauni linapomkaa mwenyewe sawasawa mabegani haifanani na furaha ya kununua.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, Tabitha wa Yafa, ndiye Dorkasi, hakuandikiwa hata neno moja alilolisema. Wajane walisimama mbele ya Petro wakilia na kumwonyesha nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Kama aliwahi kumpa mjane mmojawapo mkasi akate, Luka hakuandika. Fundi yeyote angependa kujua.

Tangu biashara ilipolegezwa masharti katika miaka ya 1980, mitumba imeenea, na shati la mtumba mara nyingi ni rahisi kuliko kitambaa chake. Fundi amebakiwa na sare, harusi, kipaimara na marekebisho. Marekebisho hayo yasidharauliwe. Ateguaye suruali ya mtu mnene akaipunguza kwa mtu mwembamba, mifuko ikabaki mahali pake, huyo anajua kazi.

Ziko nyumba ambamo cherehani ya mama imefunikwa kitambaa na juu yake imewekwa redio. Isiyotumika hukauka mafuta, na mkanda wake wa ngozi hukakamaa ukakatika. Aliye nayo ya namna hiyo na ailete Jumamosi ijayo alasiri katika chumba cha akina mama. Mafuta yapo, mkanda utatafutwa. Na aliye na kitambaa asichokihitaji tena, hata kipande cha yadi mbili, akilete pia, akijua kwamba mkasi utashikwa na binti ambaye hajawahi kukata.