Maneno Yetu Mkutanoni Juu ya Kujiweka Tayari



Tulipotakiwa kunena juu ya halmashauri zetu na matayarisho ya maradhi na maafa, tulikumbuka Bukoba. Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege yenye watu 43 ilianguka ziwani karibu na uwanja wake. Waliotangulia kufika ni wavuvi, kwa mitumbwi yao. Watu 24 waliokoka, 19 wakafa. Mwezi Machi, 2023, ugonjwa wa Marburg ukatangazwa katika mkoa ule ule wa Kagera; waliugua 9, wakafariki 6. Hapo tena walihitajiwa wenyeji, wajuao ni nyumba ipi imefiwa na ni nani aliyeosha maiti, kwani aliyemgusa mgonjwa huangaliwa siku 21.

Basi tukifungua majalada ya mipango yetu, twaona magari, twaona kamati, twaona posho (hiyo haisahauliki kamwe). Mvuvi hayumo. Mhudumu wa afya wa kijiji amepewa mstari mmoja, bila sabuni wala glavu.

Twaomba, kabla bajeti haijafungwa, kila kata iandike majina ya watu hao, na fedha za kamba, mafuta ya mashua na glavu zitengwe kwanza, kabla ya posho zetu sisi.