Kupima Faida ya Elimu Iletwayo Nakivale
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mbarara)



Nimetakiwa niseme juu ya misaada ya elimu iletwayo Nakivale kutoka ng'ambo, kama yafaa au haifai. Neno hili latuhusu, maana chama chetu nacho huombwa kuchangia, na mali ya watu ni amana.

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958, na mwaka 1960 ikatambuliwa rasmi kuwa makao ya wakimbizi, wa kwanza wakiwa Wanyarwanda. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na jumla yao yapita 100,000.

Septemba 2018 serikali ya Uganda ilitangaza mpango wa elimu kwa wakimbizi na wenyeji wao, wa miaka mitatu na nusu, ukisaidiwa na mfuko wa kimataifa uitwao Education Cannot Wait. Hapana shaka hilo ni jambo la sifa. Lakini Machi 2020 shule zikafungwa kwa Korona, na watoto wengi hawakurejea mpaka Januari 2022. Atakayeupima mpango huo kwa mwisho wake tu ataudhulumu. Naye atakayeusamehe kila kitu kwa sababu ya Korona hakupima.

Ripoti nyingi huhesabu madarasa, madawati na waalimu. Hesabu hizo zaonyesha fedha ilikwenda wapi, wala hazionyeshi mtoto amepata nini. Wenzetu wa Uwezo wamefuata njia nyingine: huwaendea watoto majumbani, wakawapa kisa kifupi na hesabu za kiwango cha darasa la pili. Kwenda nyumbani kuna maana kubwa, kwani anayepimwa shuleni ni yule aliyekuja. Aliyeacha hapimwi na mtu.

Sasa tazameni lugha. Tangu 2007 mtaala wa Uganda wataka madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya mahali, na mahali petu ni Runyankole-Rukiga. Binti wa Kikongo mwenye miaka kumi na minne, aliyesoma kwao kwa Kifaransa, aweza kuketishwa na watoto wa miaka saba kwa sababu hajui Kiingereza. Akishindwa mtihani, tumepima akili yake au lugha yake? Na daftari la mahudhurio litamwandika kuwa amefika, yaani mpango umefanikiwa! Kwa vijana kama huyu yako masomo ya haraka, miaka saba ya shule ya msingi ikifupishwa kuwa mitatu. Napenda sana njia hiyo, ila nayo ipimwe kwa waliomaliza, si kwa walioandikishwa.

(Mtoto wa Kisomali aliyetoka chuoni amekwisha jua kusoma herufi, ingawa ni za Kiarabu. Wapimaji wangefanya vyema kumwuliza hilo.)

Basi naiomba kamati, kabla ya kutia sahihi hundi yoyote, iwatake wenye programu waonyeshe watoto wale wale walisoma nini siku ya kwanza na wasoma nini baada ya mwaka, na walioacha ni wangapi, na kwa nini. Wakisema upimaji ni ghali, sehemu ya mchango wetu iwe ya kazi hiyo. Wakikataa hata hapo, fedha zikae Mbarara mpaka mwaka ujao.